Jipu, Kidonda Chenye Usaha na Mguu Uliovimba: Ufanye Nini Nyumbani, Uende Lini Hospitali

Maswali ni yale yale, Unguja kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, Pemba kuanzia Konde mpaka Mkoani. Jipu hili nilitumbue au niliache? Rangi mbili, zile kapsuli za dukani, zitatosha? Mguu umevimba na unawaka moto, niukande? Mwanangu ana tambazi, usaha wa ndani ya nyama, akichomwa sindano si atakufa? Na wavuvi na wakulima wa mwani wana lao: maji ya bahari si ndiyo yanayokausha kidonda?

Majibu yapo hapa, kwa mpangilio wa kufanyia kazi. Shika mawili kabla hujasoma zaidi. Usaha uliokwisha kujikusanya hautoki kwa vidonge, hutoka kwa kufunguliwa njia. Na ugonjwa unaotambaa chini ya ngozi usiupime kwa macho, upime kwa kalamu na saa.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kalamu ya wino ya kawaida, na saa. Simu yenye kamera ni bora zaidi.
- Kipimajoto. Kiganja juu ya paji la uso hudanganya, hasa kwa mtu aliyetoka juani.
- Sabuni ya kawaida, hata ya mche. Huhitaji sabuni ya dawa.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Ukitaka maji ya chumvi, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi kwenye lita 1, ukipima kijiko bapa, si cha kulundika. Usizidishe kwa kudhani makali ndiyo dawa.
- Vitambaa viwili au vitatu vya pamba vilivyochemshwa dakika 10 na kuanikwa juani. Kanga kuukuu inafaa sana.
- Gozi za pakiti, bandeji ya kuviringisha na plasta, vyote vya duka la dawa.
- Glovu. Ukizikosa, nawa kwa sabuni kabla na baada ya kila kushika.
- Parasetamoli.

Wembe, sindano ya kushonea, mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu na samadi viweke mbali na kidonda. Majivu na samadi vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na pepopunda inaua.

Hawa hawatibiwi nyumbani

Soma sehemu hii kabla ya hatua yoyote. Ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana:

- Maumivu makali mno kuliko kinachoonekana. Ngozi imebadilika kidogo tu, lakini mgonjwa analia akiguswa.
- Ngozi inageuka zambarau au nyeusi, inatoa malengelenge ya maji ya damu, inakufa ganzi, au ukiibonyeza inalia kama kuna vipovu ndani. Huu ni ugonjwa unaokula nyama, na kinachouzuia ni kisu cha daktari ndani ya saa chache.
- Uvimbe unavuka mstari uliochora (hatua ya 2) ndani ya saa chache tu, au mstari mwekundu unapanda kutoka kidondani kuelekea kwapani au kinenani.
- Homa ya 38 au zaidi pamoja na kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka, au kutapika kila kitu.
- Jipu la usoni, hasa kati ya pua na mdomo wa juu, pamoja na homa, au uvimbe wowote unaofumba jicho. Mishipa ya hapo inapeleka damu upande wa ubongo.
- Mtoto wa chini ya miezi mitatu, kwa jipu lolote. Kitovu cha kichanga kikitoa usaha au ngozi yake pembeni ikiwa nyekundu, usingoje asubuhi.
- Jipu la njia ya haja kubwa, la sehemu za siri, la shingoni kwa mbele, au lililo juu ya kiungo kama goti.
- Kung'atwa na mbwa, paka, au binadamu. Kwa mbwa na paka, osha kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa ajili ya kichaa cha mbwa, kisha uende.

Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ini, anayeishi na virusi vya ukimwi na mama mjamzito wasisubiri siku mbili kama wengine. Waonane na daktari siku ile ile.

Mnaoishi visiwani kama Kojani, Tumbatu au Makoongwe mnahesabu na kuvuka pia. Jambo likikutia shaka saa kumi jioni, vuka saa kumi jioni. Kutafuta chombo saa sita usiku na mgonjwa anayetetemeka ni kazi nyingine kabisa.

Ujue unachokitazama

Maandiko mengi husema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Unachoona ni weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au ngozi inayong'aa na kutanuka kama ganda la chungwa. Kwa hiyo tumia mkono zaidi ya jicho: joto, ugumu, maumivu. Linganisha na upande wa pili wa mwili.

*Jipu* ni tundu la usaha. Huanza kama kinundu kigumu chenye maumivu, kisha linapwita, katikati panalainika na kutoa kichwa cheupe au cha manjano. Hupenda kwapa, mapaja, makalio, shingo ya nyuma.

*Ngozi iliyoshambuliwa kwa mapana*, ambayo madaktari huiita seluliti, haina kichwa wala kiini. Ni eneo zima lililovimba, lina moto, linauma, na linatanuka. Mara nyingi ni mguu mmoja. Ikiwa miguu yote miwili imevimba sawasawa bila joto, hilo ni jambo jingine. Tafuta sababu ya moyo, figo au mimba. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu bila ngozi kubadilika unaweza kuwa damu iliyoganda, nao unahitaji daktari siku hiyo hiyo.

*Vidonda vya maganda* kwa watoto huota puani, mdomoni na miguuni. Lengelenge dogo hupasuka, juu panaganda kitu cha rangi ya asali. Huambukiza kwa kugusana, na darasa zima la chuo cha Kurani linaweza kuvipata ndani ya wiki.

*Kaka*, au mdudu wa kidole, huja pembeni mwa ukucha au ncha ya kidole. Ikiwa usaha uko pembeni mwa ukucha tu, fuata hatua za jipu. Ikiwa ncha nzima ya kidole imekaza kama ngoma, au kidole kimevimba chote na hakikunjuki, nenda hospitali leo. Mishipa ya kukunjia kidole huharibika haraka na hairudi.

*Mtoki* ni tezi iliyovimba kinenani. Usiukande wala usiupake kitu. Teremka mguuni ukatafute kidonda, mara nyingi kipo kati ya vidole.

Na kuna kile kinachofanana na jipu lakini si jipu. Kinundu chenye kitundu kidogo katikati, kinachotoa maji na kuhisi kama kitu kinacheza ndani, ni funza wa nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa. Ziba kitundu kwa mafuta mazito ya mgando kwa saa kadhaa. Funza akikosa hewa atatoka mwenyewe, umshike taratibu bila kumpasua. Kisha anza kupiga pasi nguo zote, na chupi, na nepi za mtoto, hasa kwenye mishono.

Hatua kwa hatua

1. Nawa, kisha tazama kwenye mwanga. Vua nguo yote ya eneo hilo. Gusa kwa mgongo wa mkono kutafuta joto linaishia wapi, kisha bonyeza kidogo kwa kidole kutafuta ugumu na maumivu vinaishia wapi.

2. Chora mstari. Zungushia kalamu pale joto na maumivu yanapokoma, si pale rangi inapokoma. Andika saa kando yake, juu ya ngozi. Piga picha. Rudia kutazama kila baada ya saa 6 kwa siku ya kwanza. Mstari ukifutika kwa kuoga, uchore upya pale pale kwa kufuata picha. Hili ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Kituoni utaulizwa uvimbe umekua kiasi gani. Ngozi yenyewe itajibu.

3. Pima joto la mwili, uandike pamoja na saa. Pima kabla ya kunywa parasetamoli. Ukipima baada yake, homa itakuwa imejificha.

4. Tafuta mlango. Vijidudu vya kawaida vya magonjwa haya ni stafilokoka na streptokoka, na wengi wetu tunaishi navyo puani na kwenye ngozi bila madhara. Huingia pakipatikana ufa. Tanua vidole vya miguu utafute nyungunyungu, yaani fangasi wa kati ya vidole. Tazama kisigino kilichopasuka, mwiba, mkwaruzo wa tawi la mkarafuu, kikato cha chaza. Kwa mtoto tazama kati ya vidole vya mikono: kama anajikuna sana usiku, ana upele, na vidonda vitarudi mpaka upele utibiwe, nyumba nzima kwa siku moja. Mlango usipofungwa, utarudi kwenye mwongozo huu mwezi ujao.

5. Osha. Sabuni na maji safi mengi, kutoka katikati kwenda nje. Maganda ya watoto yalainishe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha yapanguse taratibu, usiyabandue makavu. Ndani ya kidonda kilicho wazi usimimine spiriti wala dawa inayotoka povu. Zinachonyota, mtu akadhani zinafanya kazi, kumbe zinaua nyama mpya.

6. Jipu likande, seluliti usiikande. Kwa jipu, chovya kitambaa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwenye upande wa ndani wa kiwiko chako, kamua, weka juu ya jipu dakika 15. Likipoa chovya tena. Fanya hivyo mara 4 kwa siku. Usisugue na usibonyeze. Mtoto mpimie wewe kwa kiwiko chako. Watoto huunguzwa hivi kila siku. Mwenye kisukari asikandwe miguuni, kwa sababu huenda haihisi moto. Kwa seluliti hakuna usaha wa kuutoa kwa kukanda. Dawa yake ya nyumbani ni hatua inayofuata.

7. Inua. Mguu uwe juu kuliko kifua, juu ya mito miwili, mtu amelala. Kukaa kitini na mguu juu ya kigoda hakutoshi. Mkono uutundike kwa kanga shingoni, kiganja kiwe juu ya kiwiko. Hatua hii haina gharama na hupunguza uvimbe na maumivu kuliko watu wanavyoamini.

8. Usitumbue. Ukikamua jipu bichi, usaha hupasukia ndani na kuingia kwenye nyama nzima au kwenye damu. Jipu dogo, la chini ya ukubwa wa ndimu, likikandwa vizuri huweza kupasuka lenyewe. Likipasuka, liache lichuruzike, panguse kwa gozi, endelea kukanda siku mbili zaidi ili usaha wote utoke, kisha ufunike. Kiini kikichungulia usikivute kwa nguvu. Jipu la ukubwa wa ndimu au zaidi, au lililolainika lakini halipasuki, lipeleke likapasuliwe kwa ganzi na kifaa kisafi.

9. Tuliza maumivu. Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku zisizidi. Ibuprofeni na diklofenaki zikwepe mpaka daktari akubali. Zinaweza kuficha dalili za ugonjwa unaotambaa kwa kasi.

10. Funika. Gozi kavu, bandeji isiyobana. Badilisha mara moja kwa siku, au mara tu inapolowa. Gozi iliyoganda ilowanishe kwa maji ya chumvi kwanza. Ukiivuta kavu unatonesha kidonda. Gozi iliyotumika choma au zika, usiiache kwenye jaa wanapocheza watoto.

11. Amua. Kwa seluliti, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu inahitaji antibayotiki. Mstari, mito na parasetamoli ni vya njiani na vya baadaye. Kwa jipu dogo bila homa, jipe saa 48. Likipungua au likipasuka, endelea. Likikua, au homa ikianza, nenda. Vidonda vya maganda vikiwa vichache, osha mara mbili kwa siku na uliza dawa ya kupaka. Vikienea au mtoto akiwa na homa, anahitaji ya kunywa. Skuli na chuoni asiende mpaka vikauke au zipite saa 24 tangu aanze dawa.

Kuhusu rangi mbili na dawa za dukani

Kuna mazoea mawili yanayotuumiza sana. La kwanza ni kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo huganda, hufungia usaha chini yake, na dozi yake haifiki kwenye nyama. Unaweza pia kumletea mtu mzio wa dawa atakayoihitaji siku nyingine. La pili ni kununua kapsuli nne, kunywa mbili, na kumwekea jirani mbili zilizobaki.

Amoksilini peke yake, ambayo ndiyo inayonunuliwa kuliko zote, mara nyingi haigusi stafilokoka, kwa sababu kijidudu hiki kimejifunza kuivunja. Kwa jipu na seluliti, daktari huandika dawa za aina ya kloksasilini au sefaleksini. Kloksasilini hunywewa kila baada ya saa 6, tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada. Mtu akinywa na pilau, sehemu ya dawa inapotea. Doksisaiklini, antibayotiki nyingine, haipewi mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Ukiwahi kuvimba midomo au kukosa pumzi kwa penisilini, sema kabla hujaandikiwa, na useme tena kwa anayekupa dawa.

Mwezi wa Ramadhani dawa ya kila saa 6 haiendi na funga. Mwambie daktari mapema. Huenda ipo ya mara mbili kwa siku, daku na futari. Kama haipo, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na hili si jambo la kuonea haya. Vilevile usifungue bandeji mara tano kwa siku kwa ajili ya udhu. Fiqhi ina mlango wake kuhusu mwenye bandeji. Muulize sheikh wako.

Kidonda cha baharini

Bahari yetu ya joto ina vijidudu vyake, na baadhi yao huingia kwenye mkwaruzo mdogo na kuleta malengelenge na nyama kufa ndani ya siku moja. Maji ya bahari si maji ya chumvi ya hospitali. Mwenye kidonda kibichi asiingie shambani kwenye mwani mpaka kizibe, na akilazimika avae viatu vya mpira na akioshe mara tu anapotoka, kwa maji baridi ya kunywa na sabuni.

Ukikatwa na tumbawe au chaza, sugua kidonda kwa sabuni na gozi mpaka punje zote zitoke. Zikibaki, kidonda kitafunga juu na kutunga ndani. Ukichomwa na samaki taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mguu usioumia. Sumu yake huvunjwa na joto. Mwiba uliovunjikia ndani ukatolewe hospitali.

Na ukifika kituoni, sema neno moja: "Kidonda hiki ni cha baharini." Dawa inayotosha jipu la kawaida inaweza isitoshe hapa. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Tambazi na hofu ya sindano

Hili linaua watu, kwa hiyo tulizungumze kwa utulivu. Kinachoitwa tambazi mara nyingi ni usaha uliotunga ndani kabisa ya nyama: paja, kalio, mgongo. Siku za mwanzo ngozi ya juu haina kitu. Mgonjwa ana homa na maumivu ya kina, na nyama ukiibonyeza ni ngumu kama ubao. Usaha hujikusanya baada ya siku 10 hivi na kuendelea, na usipotolewa vijidudu huingia kwenye damu.

Sasa angalia jinsi hofu ilivyozaliwa. Mgonjwa anakaa nyumbani wiki mbili akichuliwa. Analetwa hospitali sumu ikiwa imeshaenea. Anachomwa sindano, na jioni anafariki. Familia inakumbuka sindano, kwa kuwa ndiyo waliyoiona. Wiki mbili za usaha hawakuziona. Basi mpeleke siku ya pili au ya tatu ya homa, na usikubali achuliwe; kuchua kunasambaza. Mwambie daktari waziwazi, "Sisi tunahisi tambazi, na tunaogopa sindano." Atatafuta usaha kwa kipimo cha utrasaundi, na ukiwepo ataufungulia njia. Hakuna aibu yoyote kulitaja jina hilo mbele yake.

Baada ya kupasuliwa

Tundu huachwa wazi makusudi, na mara nyingine hujazwa gozi ndani. Halishonwi. Linatakiwa lipone kutoka chini kuja juu, kwa wiki moja hadi tatu kwa kadiri ya ukubwa. Gozi ya ndani hubadilishwa kwa siku uliyopangiwa, kwa kawaida kila saa 24. Kunywa parasetamoli nusu saa kabla. Usilazimishe tundu lijae kwa kusokomeza gozi nyingi, litajazwa na nyama yenyewe. Nyama nyekundu inayotoa damu kidogo ikiguswa ni nyama nzuri. Ya kijivu au yenye harufu mbaya si nzuri.

Wenye matende na wenye kisukari

Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende na busha kwa umma mwaka 2001, lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kwa vidonge hivyo. Kinachousumbua zaidi ni homa za mara kwa mara: mguu unawaka, tezi ya kinena inauma, mtu anatetemeka siku tatu. Hizo ni seluliti, na nyingi zinazuilika. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji ya kawaida, ingia katika kila mkunjo, kisha kausha kwa kitambaa kati ya kila kidole. Unyevu unaobaki ndio unaozaa nyungunyungu. Paka dawa ya fangasi penye ufa. Lala na mguu ukiwa juu. Familia nyingi zilizoshika utaratibu huu huona homa zinapungua.

Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila usiku kwa kioo au amwombe mtu. Asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Pakikwama

*Majipu yanarudi kila mwezi.* Pima sukari, na pima virusi vya ukimwi. Kila mtu nyumbani awe na taulo na wembe wake. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Kata kucha.

*Nimeanza antibayotiki jana na uvimbe umevuka mstari kidogo.* Siku ya kwanza unaweza kuvuka kidogo huku homa na maumivu vikipungua; endelea. Ukivuka kwa upana wa vidole viwili, au homa ikiwa bado ipo baada ya saa 48, rudi. Pengine kuna usaha umejificha, au dawa si yake.

*Jipu limekauka juu lakini chini pana uvimbe mgumu.* Kanda siku tatu zaidi. Ukibaki, usaha umefungiwa ndani, likafunguliwe.

*Mama ananyonyesha na titi moja limevimba, lina moto.* Aendelee kunyonyesha au kukamua, hata upande huo. Maziwa yakisimama jipu ndipo hutunga. Aende kituoni siku hiyo, na akitaja kuwa ananyonyesha atapewa dawa isiyomdhuru mtoto.

*Vidonda vya mtoto vimepona, lakini wiki chache baadaye uso umevimba asubuhi na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi.* Streptokoka iliyokuwa kwenye ngozi imezigusa figo. Mpeleke leo, na umwambie daktari kuhusu vile vidonda, kwa sababu ngozi yake sasa ni safi na hakuna atakayevihisi.